Toa GPA yako kwenye 6: maswali yenu kuhusu kusoma uzamili nje

Barua za safari hii karibu zote zinatoka kwa watu wanaotaka kwenda Ujerumani au Uingereza. Zinazofanana tumeziunganisha. Ada na viwango vya pesa hubadilika mara kwa mara, hivyo kabla hujalipa chochote fungua tovuti ya chuo au ya ubalozi uhakikishe.

Nina shahada ya uhandisi wa maji kutoka chuo cha hapa Tanzania, GPA 3.6. Chuo ninachokitaka Ujerumani kinasema wastani uwe "2.5 au bora zaidi". Mwenzangu mmoja anasema nimepita kwa mbali maana 3.6 ni kubwa kuliko 2.5. Mwingine anasema nimeshafeli. Nani mkweli? Na nikiomba, wananidai karatasi zipi? — Mhandisi, Dodoma

Umepita, ila si kwa mbali, na wala si kwa sababu aliyokupa huyo mwenzako. Alama za Kijerumani zinakwenda kinyume na zetu: 1.0 ndiyo ya juu kabisa na 4.0 ndiyo ya mwisho kwa aliyefaulu. Kubadilisha alama za nje wanatumia kanuni inayoitwa ya Bavaria. Unachukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako, unatoa alama yako, unagawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu kabisa na ile ya chini ya kufaulu, unazidisha kwa 3, kisha unaongeza 1.

Kwa vyuo vyetu vinavyotumia GPA ya 5 na kufaulu kuanzia 2.0, hesabu hiyo inarahisika. Tofauti ya 5 na 2 ni 3, kwa hiyo kugawanya kwa 3 na kuzidisha kwa 3 vinafutana. Kinachobaki ni 6 kutoa GPA yako. Ya kwako, 3.6, inakuwa 2.4. Mwenye 3.5 anapata 2.5 kamili, amepenya mlangoni. Mwenye 3.4 anapata 2.6, na pale panapotakiwa 2.5 faili lake halifiki hata kwa profesa, barua yake iwe tamu namna gani. Huyo atafute kozi inayokubali hadi 2.7 au 3.0. Zipo, na si mbaya.

Sasa jambo linalowaangusha wengi. Afisa anayekokotoa hajui kwamba kwenu juu ni 5 na chini ni 2. Anayasoma kwenye jedwali la madaraja, ambalo kwa transkripti nyingi limechapwa nyuma ya karatasi, kwa herufi ndogo na wino hafifu. Mwombaji anaskani mbele tu kwa sababu ndiko alama zake ziliko. Skani pande zote mbili, kwa rangi, maandishi yasomeke. Kama transkripti yako haina jedwali hilo, nenda kwa msajili wa chuo ukaombe barua ya mistari miwili yenye muhuri: alama ya juu kabisa ni 5.0, ya chini ya kuhitimu ni 2.0. Na kama chuo chako kinatumia mfumo mwingine, usiikopi hesabu yetu ya 6. Rudi kwenye kanuni nzima, uweke namba zenu.

Baada ya alama wanaangalia uzito wa masomo. Ulaya mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60 za mfumo wao, ECTS. Kwetu mwaka huwa krediti 120, kwa hiyo kwa makadirio gawanya kwa 2: shahada ya miaka 3 ni kama 180, ya uhandisi ya miaka 4 ni kama 240. Uzamili wa krediti 120 kwa kawaida unataka uwe na 180, ule wa krediti 90 unataka 210, kwa hiyo jumla yako haina shida. Shida iko kwenye mgawanyo. Kozi za uhandisi mara nyingi huweka sharti kama "hisabati isipungue krediti 20, umakanika wa vimiminika isipungue 6". Usimwachie afisa akisie kwamba "WR 214" ni umakanika wa vimiminika. Tengeneza jedwali la ukurasa mmoja: sharti lao kushoto, somo lako lililotimiza sharti hilo kulia, na krediti zake. Ambatisha na maelezo ya kila somo kutoka kwenye kijitabu cha programu cha idara yako. Kijitabu hicho kitafute mapema, maana idara nyingi nakala yake iko kwenye kompyuta ya mtu mmoja, na mtu huyo yuko likizo.

Vyuo vingi hupokea maombi kupitia uni-assist, ofisi ya pamoja ya vyuo inayokagua maombi ya watu wa nje. Ombi la kwanza ni yuro 75, na kila la ziada katika muhula huohuo ni yuro 30. Pesa isipofika, nyaraka zako hazifunguliwi, hata kama ulizipakia mwezi mzima kabla. Muhula wa baridi huanza Oktoba, na tarehe ya mwisho ya kuomba, 15 Julai, inayotajwa kila mahali isikulaze usingizi: kozi za Kiingereza zinazopokea watu wa nje ya Ulaya nyingi hufunga miezi kadhaa kabla, kwa sababu wanajua viza itachelewa.

Kuhusu ada: vyuo vikuu vingi vya umma havitozi ada ya masomo, unalipa mchango wa muhula tu. Lakini jimbo la Baden-Württemberg hutoza wasiotoka Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kimeanza kuwatoza, zaidi ya hapo. "Bure" pia haimaanishi unaenda mikono mitupu. Kwa viza utaonyesha yuro 11,904 kwenye akaunti maalumu inayofungwa, ambayo ukifika inakutolea yuro 992 kila mwezi. Asiye nazo anahitaji barua ya ufadhili, au mtu anayeishi Ujerumani anayejifunga rasmi mbele ya serikali yake kwamba atamgharimia.

Dokezo kwa waliokwisha kufanya kazi miaka kadhaa: bima ya afya ya umma kwa bei ya mwanafunzi ina kikomo cha umri wa miaka 30. Ukishafika 30 utatafuta bima ya namna nyingine, kwa hiyo iweke kwenye bajeti tangu sasa.

Majina yangu yanatofautiana. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo kina matatu, na pasipoti nimechukua jina la mume. Herufi moja pia imekosewa kwenye cheti cha kidato cha sita. Nifanyeje? — Dada, Tanga

Dada, pasipoti ndiyo mama. Kila fomu, kuanzia ya chuo, ya mtihani wa Kiingereza hadi ya viza, ijaze kwa jina la pasipoti, kisha ueleze vyeti vingine kwa kuvilinganisha nayo. Fungua ukurasa wenye picha, tazama mistari miwili ya chini yenye alama kama mishale. Kilichotangulia kabla ya mishale miwili iliyofuatana (<<) ndilo jina la ukoo kwa mujibu wa mashine, na kinachofuata ndiyo majina yako mengine. Jaza hivyohivyo, hata kama nyumbani hakuna anayekuita hivyo.

Kisha nenda kwa wakili akuandalie kiapo kwa Kiingereza. Kiapo kisichosaidia ni kile kinachosema tu "mimi ni mtu yuleyule". Kinachosaidia kinataja kila cheti, namba yake, mwaka wake, na jina kama lilivyoandikwa humo, herufi iliyokosewa ikiwa imekosewa vilevile. Ambatisha cheti cha ndoa, maana ndicho kinachoeleza jina la mume lilitoka wapi. Kama hicho ni cha Kiswahili, kipelekwe kwa mfasiri anayetambulika. Tafsiri ya kujifanyia mwenyewe haikubaliki.

Hiyo herufi moja ya kidato cha sita isikunyime usingizi, ila usiinyamazie. Afisa akiigundua mwenyewe inageuka shaka. Ukimtangulia kumwonyesha, ni maelezo ya mstari mmoja.

Nimepata nafasi ya uzamili wa mwaka mmoja Uingereza, nje ya London. Ada ni pauni 19,000 na nimeshalipa 5,000. Familia ilifanya harambee, na shangazi yangu anayefanya kazi Doha ameahidi kuweka zilizobaki. Anauliza kama atume steitimenti ya benki yake kwa jina lake. Pia ninaweza kwenda na mke? — Mhasibu, Mombasa

Ya shangazi haitakubaliwa. Kwa viza ya mwanafunzi, akaunti inayotambulika ni yako mwenyewe, ya mzazi, ya mlezi wa kisheria, au ya mwenzi anayeomba pamoja nawe au aliyekwisha kuwa huko. Kwetu shangazi ni mzazi kabisa. Kwa Waingereza si mzazi mpaka kuwe na karatasi ya mahakama. Kwa hiyo asitume steitimenti, atume pesa zenyewe, ziingie kwenye akaunti yako. Ukitumia akaunti ya baba au mama, ambatisha cheti chako cha kuzaliwa na barua yao ya kuridhia.

Kiasi chenyewe: ada iliyobaki ni 14,000. Pesa ya kujikimu nje ya London ni pauni 1,171 kwa mwezi, inahesabiwa kwa miezi isiyozidi 9, yaani 10,539. Jumla unatakiwa kuonyesha pauni 24,539. (Angekuwa London ni 1,529 kwa mwezi, 13,761 kwa miezi 9.) Hakikisha zile 5,000 ulizolipa zimeandikwa kwenye CAS, hati ya chuo ya kuthibitisha udahili wako kwa ajili ya viza. Zisipoandikwa, unaweza kuhesabiwa kama hujalipa kitu.

Pesa hizo zikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, hata kwa siku moja, hata kwa pauni moja. Hapa ndipo harambee inapowaponza watu. Michango huingia kidogo kidogo, na siku 28 zinaanza siku salio lilipofika kiwango kamili, si siku mchango wa kwanza ulipoingia. Tuseme shangazi amekamilisha tarehe 3 Julai. Siku ya 28 ni 30 Julai. Chukua steitimenti inayofunga tarehe hiyo au baada yake, na uwasilishe ombi kabla siku 31 hazijapita tangu tarehe ya mwisho ya steitimenti. Ya 30 Julai itakufikisha 30 Agosti, basi.

Akaunti ya shilingi inakubalika, lakini hubadilishwa kwa kiwango cha OANDA, tovuti ya viwango vya kubadilisha fedha, cha siku unayoomba, si cha benki yako. Shilingi ikiteleza wiki hiyo, umepungukiwa bila kugusa senti. Acha nafasi, walau asilimia 5 juu. Hisa, shamba, gari na mkopo wa Sacco ambao haujaingia kwenye akaunti havihesabiwi.

Pembeni weka pesa ya huduma ya afya, pauni 776 kwa mwaka. Kozi ya mwaka mzima hupewa viza inayozidi mwaka kwa miezi michache, kwa hiyo utalipishwa mwaka mmoja na nusu, pauni 1,164. Ongeza ada ya viza na kipimo cha kifua kikuu, ambacho waombaji wa Kenya na Tanzania wanatakiwa kufanya kwenye kliniki iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza. Cheti cha hospitali ya mtaani, hata ya rufaa, hakitapokelewa.

Mke, hapana. Tangu Januari 2024 wanafunzi wa uzamili wa kufundishwa darasani hawaruhusiwi kuandamana na familia. Walioachiwa ni wa programu za utafiti, na wale wanaosomeshwa na serikali.

Nimemaliza chuo miaka 5 iliyopita. Mwalimu aliyenisimamia amestaafu, mwingine hajibu barua pepe. Wadhamini wa kuniandikia barua za mapendekezo niwapate wapi? — Mwalimu wa sekondari, Mwanza

Mstaafu anafaa, mradi akumbuke kazi yako na ataje cheo alichokuwa nacho. Tatizo lake huwa ni anwani: mifumo mingi ya maombi inataka barua pepe ya taasisi, na ya kwake ya chuo huenda ilishafungwa. Waandikie ofisi ya udahili kabla ya kujaza, waeleze kwamba amestaafu na anatumia anwani binafsi. Wengi hukubali.

Huyo asiyejibu, mpigie simu. Au mwendee ofisini, asubuhi, kabla vipindi havijaanza. Mwalimu mwenye wanafunzi 300 hajakukataa, amekusahau, na barua pepe inayosema "Shikamoo mwalimu, naomba rekomendesheni" haimkumbushi kitu. Mpelekee karatasi moja: mwaka uliosoma kwake, somo, alama uliyopata, kichwa cha utafiti wako na kile ulichogundua, kozi unayoomba, tarehe ya mwisho. Mpe wiki 4 hadi 6. Mwambie kiungo kitamjia kutoka kwenye mfumo wa chuo na mara nyingi kinaangukia kwenye spamu. Siku ukishamwandikisha, mtumie ujumbe wa simu: "Mwalimu, imeingia saa hizi."

Kama ufadhili unataka wadhamini wawili, mmoja anaweza kuwa mkuu wako wa shule. Lakini barua ya mkuu inayosema wewe ni mchapakazi na mcha Mungu haina uzito. Mwombe aandike ulichofanya: umefundisha kidato gani, wanafunzi wangapi, maabara uliifufuaje. Na akikuambia "andika wewe nitasaini", mpe hoja, asiandikiwe barua. Barua mbili za watu wawili zenye sentensi za mkono mmoja hutambulika upesi.

Barua ya motisha niianzeje? Yangu inaanza: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kusoma Ulaya." — Wasomaji kadhaa

Ifute. Msomaji wa upande wa pili ameiona hiyo leo asubuhi mara kadhaa. Anza na tatizo unalolijua kwa mikono yako. Mhandisi wetu wa Dodoma, kwa mfano, kama amewahi kufanya kazi Arusha, angeandika hivi kwa Kiingereza chake: "Visima tunavyochimba upande wa Meru vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Tunachuja kwa mkaa wa mifupa, lakini hatuna njia ya kujua mkaa umechoka lini mpaka tupeleke sampuli maabara. Moduli yenu ya ubora wa maji inafundisha upimaji wa hukohuko kisimani." Sentensi tatu tu, na tayari wamejua anafanya kazi gani, anakwama wapi, na kwa nini amechagua kozi yao badala ya nyingine. Jina la moduli alichukue kwenye tovuti yao kama lilivyo. Barua inayoweza kutumwa vyuo kumi kwa kubadilisha jina la chuo tu haijakamilika.

Kwa wanaolenga ufadhili, angalieni kwanza kama mna sifa. Kozi za maendeleo zinazofadhiliwa na DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, kupitia mpango wa EPOS hutaka uzoefu wa kazi usiopungua miaka 2 na kwa kawaida shahada isizidi miaka 6 tangu uipate. Yule mwalimu wa Mwanza mwenye miaka 5 amebakiza dirisha moja. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inahesabu saa, 2,800 za kazi, na kazi za kujitolea nazo zinaingia humo. Inataka pia uchague kozi tatu tofauti na urudi nyumbani kwa miaka 2 baada ya kumaliza. Chevening hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba, mwaka mzima kabla ya masomo. Anayeanza kuulizia Januari ameshachelewa mwaka huo.

Wakala ananidai milioni mbili anitafutie "ufadhili wa uhakika". Nimpe? — Kijana, Kahama

Usimpe. Kuomba Chevening au DAAD ni bure, na hakuna wakala mwenye mlango wa nyuma. Wapo mawakala halali wanaolipwa kamisheni na vyuo vya kulipia, lakini hao watakusukuma kwenye vyuo vinavyowalipa, na chuo cha umma cha Ujerumani hutakisikia midomoni mwao. Hata kama umeshatoa pesa, usimwachie wakala yeyote nywila ya akaunti yako ya maombi. Barua ya kukubaliwa inakuja humo.

Nina uzamili, nataka uzamivu. Nimewaandikia maprofesa 40 barua pepe, hakuna aliyejibu. — Mtafiti, Morogoro

Arobaini kwa barua moja, bila shaka. Waandikie 5, kila mmoja ukitaja makala yake uliyoisoma na swali lako linaloishika mkono, maneno yasizidi 200, wasifu uwe kiambatisho kimoja cha PDF. Ila jua unaandika nchi gani. Uholanzi, Sweden, Norway na Denmark nafasi ya uzamivu kwa kawaida ni ajira: inatangazwa kama kazi, ina mshahara, ina tarehe ya kufunga. Huko profesa asiye na tangazo hana cha kukupa, na aliye nalo atakujibu uombe kwenye tangazo. Tafuta ukurasa wa ajira wa chuo badala ya ukurasa wa udahili.